"Tunajitolea, mbona mnatulazimisha?"

Jumamosi nimeulizwa tena, safari hii na kijana ninayempenda kwa bidii yake: "Mwalimu, sisi hatulipwi hata mia. Mbona mazoezi ya usalama ni lazima kila mwezi?" Nimelisikia hili karibu kila kijiji cha wilaya ya Mufindi, mkoani Iringa, nilikofundisha kikundi cha kuzima moto, na sasa nalijibu kwa maandishi.

Kujitolea ni pale unapoamua kujiunga. Ukishapanda mlimani na wenzako, uhai wao uko mikononi mwako. Yule aliye hatua kumi kutoka ulipo hakujitolea kuungua kwa sababu wewe umesahau maana ya filimbi tatu.

Huku kwetu kila kitu ni mteremko. Moto unaopanda hukausha nyasi za mbele kabla haujazifikia, ndiyo maana tunakadiria kwamba kila nyuzi 10 za mwinuko huongeza kasi yake karibu mara mbili. Mchana upepo hupanda kutoka bondeni, usiku hushuka. Haya mnayajua. Yanayosahaulika ni ya mikono na miguu: kusimama upande ulioungua, kujua njia mbili za kutokea kabla hujaanza kuupiga moto kwa tawi. Na kitambaa cha usoni kiwe kikavu! Kila mwezi nakuta mtu amekilowesha, wakati maji yale kwenye joto hugeuka mvuke unaounguza koo.

Agosti 5, 1949, huko Mann Gulch, Montana, Marekani, moto wa nyasi uliwafuata wazimamoto kwenye mteremko. Kiongozi wao, Wagner Dodge, aliona hawatauwahi ukingo wa juu. Akawasha kiberiti, akachoma nyasi za mbele yake, akalala kwenye jivu, pasipobaki nyasi za kuungua, huku akiwaita wenzake. Wakampita mbio. Walikuwa hodari, waliofunzwa kuruka kwa parachuti, ila jambo lile hawakuwahi kufundishwa. Walikufa 13. Dodge akatoka mzima.

Sasa, kulazimisha. Viongozi wengi hukimbilia faini, na hapo ndipo ninapokasirika. Ukiweka faini ya 2,000 umeuza ruhusa ya kutokuja. Mwenye duka analipa ya miezi mitatu kwa mkupuo, na siku ya moto ndiye wa kwanza kushika fimbo, kwa kuwa hadaiwi. Asiye na hela anaona aibu, anaacha kikundi. Daftari nalo hudanganya: watu wanasaini, wanasikiliza taarifa ya mweka hazina, wanakunywa chai, wanatawanyika. Mimi napuliza filimbi ghafla, na kila mmoja anionyeshe kwa mkono njia zake mbili. Aliyeonyesha moja hajahudhuria, hata kama amekaa pale tangu saa mbili asubuhi.

Kanuni yetu ni hii: ukikosa mazoezi ya mwezi, mwezi huo hupandi. Unabaki barabarani, unajaza maji kwenye mabomba ya mgongoni na kushika orodha ya waliopanda, orodha inayotuambia nani hajashuka. Kanuni haichagui umri wala cheo. Mzee mmoja nilimwambia, "Shikamoo baba, leo utatusaidia hapa chini." Akanyamaza kitambo, akanitazama, kisha akachukua kalamu.

Kuna jambo sijalipatia jibu. Oktoba moja tulifika watu 9, na 4 walikuwa wamekosa mwezi. Tukapanda 5. Moto ukaruka njia ya kuzuia moto, ukala shamba la paini la mama aliyelitegemea kwa ada za wanawe. Tulishuka wote 5. Tungepanda 9, huenda shamba lingepona, na huenda tungeshuka 8. Mama hajawahi kunilaumu, lakini nikipita kwake moyo hunibana.

Tena sina hakika kwamba kila mwezi ndicho kipimo sahihi. Februari nyasi zimelowa, watu wana palizi, na ulanzi, pombe ya mianzi, umeiva. Miezi hiyo nafupisha: dakika 40, filimbi, njia za kutokea, kukagua mipini iliyooza kwa unyevu. Kufuta siwezi. Kikundi kimoja kilisimamisha mazoezi wakati wa masika, kikaniita Julai. Niliwasha rundo dogo la nyasi katikati ya mteremko, nikawaambia wajipange. Nusu yao walikwenda kusimama upande wa juu.