Mbegu za mwanaume zinatengenezwaje, na kwa nini malaria ya miezi miwili iliyopita inaonekana kwenye majibu ya leo

Wanaume wanaokuja kupima mbegu hapa maabara ni wa kila aina, dereva wa lori anayepita Malaba, mwanajeshi, mwenye duka Kikuubo, na akiona namba ziko chini anataka nimwambie dawa hapo hapo. Mimi namuuliza kwanza, ssebo (bwana), miezi miwili mitatu iliyopita uliugua? Mara nyingi utasikia ndiyo, malaria kali, alilala wiki nzima.

Sasa homa inaingiaje hapo? Korodani zimewekwa nje ya mwili kwa sababu zinataka ubaridi, kama nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili ambalo ni 37, ndo maana ukioga maji baridi ule mfuko unajikunja na kuzivuta juu, kukiwa na joto unalegea zinashuka. (Moja kuning'inia chini kuliko nyingine ni kawaida kabisa, vijana mwache kujitia presha.)

Ndani ya kila korodani kuna virija vyembamba sana vimejikunja, ukivinyoosha vyote na kuviunganisha unapata mamia ya mita. Kwenye kuta za virija hivyo ndo kazi inafanyika, kuna seli mama ambazo zinaanza kugawanyika kijana akibalehe na zinaendelea mpaka uzeeni, kwa hiyo ile hofu ya kwamba mbegu "zitaisha" ukizitumia sana haina msingi, zinatengenezwa mamilioni kila siku. Seli inaanza na kromosomu 46, yaani vile vifurushi vya urithi, inagawanyika mpaka inabaki na 23, nusu nyingine iko kwenye yai la mwanamke. Na hapo mbegu moja inabeba kromosomu X inayoleta msichana, nyingine inabeba Y inayoleta mvulana, basi yule anayetaka kumrudisha mke kwao eti anazaa wasichana tupu, ajue aliyeleta hiyo X ni yeye mwenyewe.

Baada ya kugawanyika seli bado ni ya duara, haina mkia. Inalelewa na seli za Sertoli, zimepewa jina la Mwitaliano Enrico Sertoli aliyezieleza mwaka 1865, mpaka inapunguza maji yake, inapata kichwa kilichobeba kromosomu, sehemu ya kati yenye mitokondria za kuleta nguvu, halafu mkia. Hii yote inachukua kama siku 74, ukiongeza kama wiki mbili za kupita kwenye epididimisi, ule mrija uliolala mgongoni mwa korodani ambako mbegu zinakomaa na kujifunza kuogelea, hesabu inafika karibu miezi mitatu. Ni kama maharage, unayovuna leo ulipanda msimu ulioanza zamani. Homa ikipiga katikati, zile zilizokuwa njiani zinaharibiwa na hilo joto na wewe unakuja kuliona pengo wakati umeshapona umesahau.

Homoni nazo. Tezi ya pituitari kwenye ubongo inatuma homoni mbili, LH na FSH, LH inaziambia seli za Leydig, zilizo katikati ya vile virija, zitoe testosteroni, homoni ya kiume, FSH inawasha zile za Sertoli. Vijana wa jim wanaojidunga testosteroni wanisikie vizuri, ubongo ukiona imejaa kwenye damu unafunga bomba la LH na FSH, ndani ya korodani kunakauka, misuli inakua na mbegu zinaweza kushuka mpaka sifuri, na kurudi kwake ni miezi mingi, wengine zaidi ya mwaka.

Halafu wingi wa shahawa sio wingi wa mbegu. Maji yale mengi yanatoka kwenye vifuko vya shahawa na tezi dume, mbegu zenyewe ni asilimia chache tu, ndo maana mwanaume aliyefungwa mirija anamwaga karibu kama kawaida. Mulondo pia, ule mzizi, watu wanatafuna kwa ajili ya hamu, sawa, lakini hamu na hesabu ya mbegu ni vitu viwili.

Ukija kupima, kaa siku 2 hadi 7 bila kumwaga, usilete kwenye kondomu wala kaveera (mfuko wa plastiki), tumia kikopo cha maabara na kama umetolea nyumbani kibebe ndani ya shati kikae na joto, kifike ndani ya saa moja, ukikwama kwenye jam chukua boda. Chini ya hadubini usishangae, kuna zinazokimbia mbele, kuna zinazozunguka hapo hapo, kuna yenye vichwa viwili, hata kwa mwanaume mwenye watoto. Mwongozo wa WHO (Shirika la Afya Duniani) wa 2021 unaweka kiwango cha chini kuwa mbegu milioni 16 kwa mililita, na zenye umbo zuri asilimia 4 zinatosha.

Majibu yakiwa mabaya baada ya homa, rudia baada ya miezi mitatu kabla ya kumeza chochote. Yakiwa sifuri mara mbili, hiyo ni nyingine, tunatafuta kama njia imeziba, labda kwa kisonono cha zamani, ama korodani zenyewe hazitengenezi, maana palipoziba mbegu huwa bado zipo ndani na daktari anaweza kuzivuta kwa sindano.