Mtunisha misuli ni mwanamichezo, ila si kwa sababu ya misuli

Kila usajili wa makurutu wa polisi unapokaribia, ubishi ule ule hurudi kwenye jimu ya mabati ninakofanyia mazoezi hapa Kariobangi, Nairobi. Kijana mmoja mwenye kifua kipana husema anastahili nafasi za wanamichezo kwa kuwa hakuna anayempita kwa kupiga chuma mtaani. Mwenzake humjibu kwamba kutunisha misuli si mchezo, ni urembo tu. Juzi nimeyasikia tena, safari hii ndani ya matatu, kutoka kwa watu wazima. Wote wanakosea mahali pamoja: wanalitumia neno "mchezo" kama kipimo cha jasho.

Maana yenyewe ni fupi. Nafasi za wanamichezo, au kota ya michezo, ni sehemu ya ajira inayotengewa watu waliofanya vyema katika michezo iliyotajwa kwenye orodha, na katika ngazi ya mashindano iliyotajwa. Mchezo wako uwe kwenye orodha, nawe uwe na cheti cha kushindana. Ukikosa kimoja, hiyo nafasi si yako, hata uwe na nguvu kiasi gani.

Mfumo huu umeandikwa wazi zaidi India kuliko kwetu. Serikali kuu ya huko inaruhusu hadi asilimia 5 ya nafasi za ngazi ya chini kwa mwaka ziende kwa wanamichezo. Hapa Kenya mtu akitaja kota katika polisi, mara nyingi anazungumzia mgao wa maeneo, maana Katiba ya 2010, kifungu cha 246, inataka sura ya polisi ifanane na sura ya nchi kwa maeneo na makabila. Wanamichezo tunao polisi, tena wakubwa: David Rudisha na Julius Yego wote ni wa kikosi hicho. Lakini waliofahamika kwa kukimbia na kurusha mkuki wasitufanye tudhani mlango ule uko wazi kwa kila mwenye mwili wa mazoezi.

Sasa nije kwenye maneno, kwa sababu hapo ndipo ubishi wote unapozaliwa.

Zoezi linatokana na kuzoea. Unauzoeza mwili jambo mpaka usilishangae tena. Ni kazi ya mtu na nafsi yake, na inaweza kufanyika miaka ishirini bila mtu mwingine kujua. Kutunisha nako kunatokana na kutuna, yaani kuvimba, kujaa. Ndiyo maana hata kwenye harambee tunatunisha mfuko. Kitenzi hicho hakina mpinzani ndani yake. Unaweza kutuna chumbani kwako, mlango umefungwa, mbele ya kioo. Lakini kushindana kuna ile -ana ya mwisho inayodai watu wawili. Huwezi kushindana peke yako, kama usivyoweza kupigana au kusalimiana peke yako.

Kuna na riadha, neno ninalolipenda kuliko yote haya. Limetoka Kiarabu, na mzizi wake unahusu kumfunza farasi mchanga mpaka akubali hatamu. Wacha Mungu walilitumia pia kwa kuitiisha nafsi. Leo Mwarabu akisema riadha anataja michezo yote. Sisi tumelibana likabaki mbio, miruko na mitupo. Ukilifuata hadi kwenye mzizi, hakuna anayelistahili kumzidi mtu anayepima chakula chake kwa gramu na kuunyima mwili maji kabla ya kupanda jukwaani. Hata hivyo ndiye pekee tusiyemwita mwanariadha. Spoti nayo, iliyotufikia kwa Kiingereza kutoka Kifaransa cha zamani, ilikuwa na maana ya kujiburudisha, kuondoka kidogo kwenye kazi. Kwa asili hiyo, karata ni spoti kuliko kuinua chuma.

Kwa hiyo anayetaka asili ya neno imwamulie kesi atachanganyikiwa. Kinachoamua ni jukwaa. Mtu akiisha kusimama pamoja na wenzake wa uzito wake, chini ya kanuni zinazojulikana, mbele ya majaji, kutuna kwake kumegeuka kushindana. Hapo ni mwanamichezo, hata kama hamali wa soko la Gikomba ana mgongo mpana kuliko wake. Hamali ana nguvu, na kazi yake ni ngumu kuliko mazoezi yetu sote. Cheti cha mashindano ndicho asichokuwa nacho.

Wapo wanaosema majaji ndio wanaoharibu, eti mchezo wa kweli hupimwa kwa saa au utepe. Mkuki wa Yego ulitua mita 92.72 Beijing mwaka 2015, na hapakuwa na wa kubishana. Nakubali, kupimwa ni raha. Lakini jimnastiki huamuliwa na majaji, kupiga mbizi vilevile, na hakuna anayeipokonya jina la michezo. Eugen Sandow, mtunisha misuli maarufu wa enzi hizo, alipoandaa shindano lake kubwa la miili Royal Albert Hall, London, mwaka 1901, walioketi kuhukumu walikuwa yeye mwenyewe, mchongaji sanamu Charles Lawes, na Arthur Conan Doyle, mwandishi wa hadithi. Mchongaji kupewa kiti kile kunaonyesha walichokuwa wakitafuta: umbo na uwiano, si uzito ulioinuliwa. Na hapa niwaombe watu waache kumwita mtunisha misuli mnyanyua uzani. Kunyanyua uzani kulikuwa kwenye Olimpiki tangu 1896, na huhesabiwa kwa kilo. Kutunisha misuli hakujawahi kuwa huko. Kuliwahi kuwa kwenye Michezo ya Asia, Busan mwaka 2002 na Doha 2006, kisha kukaondolewa.

Kwenye orodha ya India ya michezo inayohesabika kwa ajira za serikali kuu, utunishaji misuli uliwekwa ndani ya mabano, baada ya jina la jimnastiki. Mchezo mzima ukaishi kwenye mabano ya mchezo mwingine! Na majimbo yana orodha zao. Mwanzoni mwa 2025 serikali ya Kerala iliamua kuajiri watunisha misuli wawili kuwa mainspekta wa polisi, na malalamiko yakazuka kwa sababu mchezo huo haukuwa kwenye orodha ya jimbo. Malalamiko hayo hayakuhitaji mtu yeyote kudai kwamba wale wawili hawakutoka jasho.

Yule kijana wa jimu nilimsogelea akiwa anafuta benchi. Nilimwambia: "Mdogo wangu, usiseme una mchezo kwa kuwa una mwili. Sema umeshindana wapi, mwaka gani, ukawa wa ngapi." Akanijibu hajawahi kupanda jukwaani hata mara moja. Basi kwa sasa ni mtu wa mazoezi. Siku ya usajili apange foleni na wenzake wa kaunti ndogo yake, na mbio zile azikimbie kama wao. Na yule anayemwita mrembo, naye alirekebishe neno lake: mwenzake bado hajashindana, hivyo tu.