Heshima Wanayostahili Wahandisi wa Seli za Fueli

Tarehe 8 Oktoba ya kila mwaka huadhimishwa nchini Marekani kuwa Siku ya Haidrojeni na Seli za Fueli, utaratibu ulioanza mwaka 2015. Tarehe hiyo ilichaguliwa kwa makusudi, kwa sababu Wamarekani hutanguliza mwezi wanapoandika tarehe, na tarakimu za mwezi wa kumi siku ya nane hukumbusha 1.008, ambayo ndiyo uzito wa atomi ya haidrojeni. Siku kama hiyo husikika sifa nyingi za mabasi yasiyotoa moshi na mitambo isiyopiga kelele, ilhali watu walioifikisha teknolojia hiyo hapo ilipo hutajwa kwa haraka, na mara nyingi hutajwa mmoja tu, yule aliyekuwa wa kwanza kupata wazo. Kwa maoni yangu, historia ya seli za fueli inatutaka tuwaenzi kwa uzito uleule wale waliolichukua wazo la mwenzao na kulihangaikia kwa miongo kadhaa mpaka likafanya kazi.

Seli ya fueli huzalisha umeme moja kwa moja kutokana na mmenyuko wa kikemia kati ya fueli, ambayo kwa kawaida ni haidrojeni, na oksijeni, bila kuwasha moto na bila kuzungusha mtambo wowote. Ndani yake mna elektrodi mbili, yaani vipande vinavyopitisha umeme, zilizotenganishwa na elektroliti, kitu cha katikati ambacho huruhusu ayoni (chembe zenye chaji ya umeme) zipite lakini huzuia elektroni, hivyo elektroni hulazimika kupita katika waya wa nje, na huo ndio umeme tunaoutumia. Tofauti na betri ya kawaida, seli hii haiishiwi chaji maadamu gesi zinaendelea kuingizwa, na kinachotoka ni umeme, joto na maji. Kinadharia seli moja ya haidrojeni na oksijeni inaweza kutoa volti 1.23, lakini inapofanya kazi hutoa chini ya volti 1, na kwa hiyo wahandisi hupanga seli nyingi mfululizo ili kupata volti inayohitajika.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1839 Christian Friedrich Schönbein, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Basel nchini Uswisi, alichapisha maelezo ya jinsi haidrojeni na oksijeni zinavyoweza kuibua mkondo wa umeme zikigusana na platinamu. Mwaka huohuo William Robert Grove, mwanasheria wa Swansea, Wales, aliyependa fizikia na ambaye baadaye alikuwa jaji, alichapisha majaribio yake, na kufikia mwaka 1842 alikuwa amekwishaunda betri ya gesi yenye seli nyingi, iliyotoa umeme wa kutosha kuyatenganisha maji katika chombo kingine. Wawili hao waliandikiana barua kwa miaka mingi, na sioni faida ya kubishana ni nani hasa aliyetangulia. Lenye uzito zaidi ni jambo aliloligundua Grove, nalo ni kwamba mmenyuko hutokea mahali ambapo gesi, kimiminika na metali hukutana kwa pamoja, na kwamba katika chombo chake mahali hapo palikuwa padogo mno. Msomaji naomba ashike jambo hilo, kwa kuwa karibu kila hatua kubwa iliyofuata ilihusu kupanua mahali hapo pa makutano.

Kwa zaidi ya karne moja hapakuwa na mafanikio ya maana. Ludwig Mond na Charles Langer waliboresha elektrodi mwaka 1889, lakini walihitaji platinamu nyingi. Mwaka 1894 Wilhelm Ostwald aliwahimiza wenzake wa Ujerumani watafute njia ya kupata umeme moja kwa moja kutoka katika fueli, akionyesha jinsi injini za mvuke zilivyopoteza sehemu kubwa ya nishati ya makaa ya mawe. Wengi walijaribu, na waliofuata walijifunza kutokana na kushindwa kwao.

Aliyeutegua mtego huo ni Francis Thomas Bacon, mhandisi Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1904 na kusomea uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1932, akiwa mwajiriwa wa kiwanda cha mitambo ya mvuke mjini Newcastle, alivutiwa na wazo la kutumia haidrojeni na oksijeni kuhifadhi na kuzalisha umeme. Alifanya majaribio ya awali kwa juhudi zake mwenyewe, na ilipombidi achague kati ya ajira na utafiti, mwaka 1940 aliacha kazi. Akafanya utafiti King's College mjini London kwa msaada wa mhandisi wa umeme Charles Merz, akahamishiwa katika kazi za vita za kugundua nyambizi, na mwaka 1946 akarudi Cambridge kuendelea alipoachia.

Uamuzi wake wa kwanza ulikuwa kuacha platinamu na asidi. Alitumia nikeli, metali ya bei nafuu zaidi, na elektroliti ya potasiamu haidroksaidi, isiyoila nikeli kama asidi inavyofanya. Nikeli, hata hivyo, ni kichocheo dhaifu, yaani haiharakishi mmenyuko vya kutosha, katika joto la kawaida, kwa hiyo ilimbidi aiendeshe seli yake katika joto la takriban nyuzi 200 za Selsiasi, na ili elektroliti isichemke akaiweka chini ya shinikizo kubwa. Hapo ndipo ugumu ulipoanzia, kwa sababu elektrodi inapaswa kuwa na vitundu vidogo vidogo ili gesi ikutane na kimiminika ndani yake. Kimiminika kikijaa katika vitundu vyote, gesi haipati nafasi, na gesi ikipenya yote, hububujika ndani ya elektroliti na kupotea.

Ufumbuzi wake ni mojawapo ya kazi za uhandisi ninazozistaajabia mno. Alitengeneza elektrodi ya tabaka mbili za unga wa nikeli uliogandishwa kwa joto, tabaka la upande wa gesi likiwa na vitundu vikubwa na la upande wa kimiminika likiwa na vitundu vidogo zaidi. Vitundu vidogo hukivuta na kukishikilia kimiminika kama utambi wa koroboi unavyovuta mafuta ya taa. Gesi ikizidishiwa shinikizo kidogo, hukisukuma kimiminika kitoke katika vitundu vikubwa, lakini nguvu hiyo haitoshi kukitoa katika vile vidogo. Hivyo mpaka kati ya gesi na kimiminika hutulia palepale tabaka mbili zinapokutana, na mahali pale padogo alipopaona Grove pakawa eneo pana ndani ya bamba moja la nikeli. Lilibaki tatizo la elektrodi ya oksijeni kuliwa na kutu, nalo lilitatuliwa kwa kuifanyia nikeli matibabu ya lithiamu, ambayo yaliiwekea ngozi ya oksidi inayolinda metali na bado inapitisha umeme.

Mwaka 1959, miaka 27 tangu alipoanza, Bacon na wenzake walionyesha hadharani mjini Cambridge betri ya seli 40 yenye uwezo wa takriban kilowati 5, iliyoendesha foklifti, msumeno wa mviringo na mashine ya kuchomelea. Kampuni ya Marekani ya Pratt & Whitney ilichukua leseni ya hataza zake na kuunda seli za vyombo vya Apollo. Kila chombo kilibeba mitambo mitatu ya seli 31 kila mmoja, na maji yaliyotokana na mmenyuko ndiyo waliyokunywa wanaanga njiani kwenda mwezini. Tangi la oksijeni lilipolipuka katika safari ya Apollo 13 mwezi Aprili 1970, seli zilikosa oksijeni, na chombo kikuu kikapoteza umeme na chanzo chake cha maji kwa pamoja.

Bacon alipewa OBE, nishani ya heshima ya Uingereza, mwaka 1967, akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya Uingereza, mwaka 1973, na mwaka 1991, akiwa na umri wa miaka 86, akawa mtu wa kwanza kupokea Nishani ya Grove. Alifariki dunia mwezi Mei mwaka uliofuata. Nimefurahi kwamba nishani yenye jina la mwenye wazo ilianza kwa kupewa mwenye kulifanikisha. Hata hivyo, ni vigumu kutosikitika kwamba tuzo ya fani yake mwenyewe ilimfikia miezi michache tu kabla ya kufariki.

Wapo wengine ambao majina yao hayajafika mbali kama lake. Willard Thomas Grubb na Leonard Niedrach wa General Electric walibuni katika miaka ya 1950 seli inayotumia utando wa plastiki badala ya elektroliti ya kimiminika, na seli ya aina hiyo ndiyo iliyotangulia angani, katika safari ya Gemini 5 mwezi Agosti 1965. Utando wao ulichakaa upesi. Ule ulioleta uimara, Nafion, ulitokana na kazi ya Walther Grot katika kampuni ya DuPont. Karl Kordesch, mwanakemia wa Austria, aliweka seli za haidrojeni katika gari lake la Austin A40 mwaka 1970 na kuliendesha barabarani.

Seli za utando zilibaki ghali kwa sababu ya platinamu mpaka maabara ya Los Alamos ya Marekani ilipoingilia kati katika miaka ya 1980. Ian Raistrick aligundua kwamba elektrodi ikipakwa polima, yaani plastiki, ileile ya utando, polima huingia kati ya chembe za platinamu, na chembe ambazo awali zilikaa bure hupata njia ya ayoni. Yeye na wenzake, wakiwamo Supramaniam Srinivasan na Shimshon Gottesfeld, waliwezesha kiasi cha platinamu kushuka kutoka miligramu 4 hadi takriban 0.4 kwa kila sentimita ya mraba. Makutano yaleyale ya vitu vitatu yalikuwa yamepanuliwa tena, safari hii kwa njia nyingine. Bila kazi hiyo, magari na mabasi ya seli za fueli yasingekaribia kuuzwa kibiashara.

Utaratibu wa kutunuku timu nzima unafaa kuigwa, kwa kuwa elektrodi haitengenezwi na mtu mmoja: mwanakemia huchagua kichocheo, mhandisi hupima shinikizo na joto, na fundi wa maabara ndiye anayejua ni bamba lipi lililopasuka na kwa nini. Mwaka 2023 Tuzo ya MacRobert, inayotolewa na chuo cha wahandisi cha Uingereza, ilikwenda kwa timu ya kampuni ya Ceres kwa seli zake za kauri zilizojengwa juu ya bamba la chuma, teknolojia iliyotokana na utafiti wa Imperial College mjini London.

Barani Afrika, nchi yenye kauli kubwa katika jambo hili ni Afrika Kusini, inayochimba zaidi ya theluthi mbili ya platinamu inayotoka migodini duniani. Kwa miaka mingi metali hiyo iliuzwa nje na thamani yake kuongezwa kwingine. Mwaka 2008 serikali ya nchi hiyo ilianzisha HySA, mpango wa utafiti wa haidrojeni na seli za fueli, ambao umegawa kazi kwa vituo vitatu: Chuo Kikuu cha Cape Town na taasisi ya Mintek hushughulikia vichocheo, Chuo Kikuu cha Western Cape hushughulikia mifumo kamili ya seli, na Chuo Kikuu cha North-West pamoja na baraza la utafiti la CSIR hushughulikia uzalishaji na uhifadhi wa haidrojeni. Watafiti wa vichocheo wa Cape Town wanaendelea kutafuta jinsi ya kuipanga platinamu katika chembe ndogo zaidi, ili kila chembe ifikiwe na gesi, na ayoni, na elektroni.