Majibu yanayopotea katika milinganyo ya trigonometria

Mlinganyo wa trigonometria ni ule ambao pembe isiyojulikana imo ndani ya sin, cos au tan, kwa mfano 2 sin x = 1. Kuutatua ni kutafuta pembe zote zinazoutimiza ndani ya mipaka iliyotolewa, mara nyingi 0° hadi 360°. Wanafunzi wengi huishia kwenye pembe moja, 30°, kwa sababu ndiyo pekee inayotolewa na kikokotoo. Lakini sin ni chanya pia katika robo ya pili ya duara, kwa hiyo 180° − 30° = 150° nayo ni jibu. Kwa cos, pembe ya pili hupatikana kwa kutoa ile ya kwanza kwenye 360°. Kwa tan, kwa kuongeza 180°.

Penye 2x ndipo wengi wanapoanguka. Chukua sin 2x = ½. Mwanafunzi anapata 2x = 30°, anagawanya kwa 2, anapata 15°, kisha ndipo anakumbuka kutoa kwenye 180° na kuandika 165°. Jaribu: sin 330° ni −½, si ½. Utaratibu sahihi ni kupanua mipaka kwanza. Kama x ni kati ya 0° na 360°, basi 2x ni kati ya 0° na 720°. Orodhesha pembe zote za 2x: 30°, 150°, 390°, 510°. Sasa gawanya: x = 15°, 75°, 195°, 255°. Kugawanya ni hatua ya mwisho kabisa.

Kuna kosa jingine linaloonekana kama hesabu safi. Katika 2 sin x cos x = cos x, ni rahisi kushawishika kugawanya pande zote kwa cos x na kubaki na sin x = ½, yaani 30° na 150°. Ila cos x inaweza kuwa sifuri, na kugawanya kwa sifuri hakuruhusiwi. Hamisha upande mmoja, toa cos x nje ya mabano: cos x(2 sin x − 1) = 0. Hapo 90° na 270° zinajitokeza, na majibu yanakuwa manne.

Kupandisha pande zote kwenye kipeo cha pili huleta balaa la kinyume, majibu ya ziada. Kwa sin x + cos x = 1, njia hiyo inakupa 0°, 90°, 180°, 270° na 360°. Ukiyarudisha kwenye mlinganyo wa mwanzo, 180° na 270° zinatoa −1, kwa hiyo zinakatwa. Bila kuhakiki huwezi kuzigundua.

Mengine ni ya haraka. Sin(A + B) si sin A + sin B. Jaribu 30° na 60°, utapata takriban 1.366, na sin haizidi 1 kamwe. Sin⁻¹ ni kutafuta pembe, si 1 gawanya kwa sin. Na kikokotoo kikisema sin 30 ni −0.988, kimewekwa kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe. Kirudishe kwenye digrii kabla ya kuanza mtihani.

Wanaotumia majedwali ya tarakimu nne, yaani orodha zilizochapishwa za thamani za sin, cos na tan, wana mtego wao. Pembe kali (iliyo chini ya 90°) inapokua, sin huongezeka lakini cos hupungua, kwa hiyo tofauti zilizo safu za kulia katika jedwali la cos hutolewa, hazijumlishwi. Cos 35°18′ (digrii 35 na dakika 18; dakika 60 ni digrii 1) ni 0.8161 na tofauti ya 2′ ni 3, yaani 0.0003. Basi cos 35°20′ ni 0.8158. Aliyeandika 0.8164 amejumlisha kwa mazoea ya jedwali la sin.