Je, wajua kwa nini gari la zamani husita unapokanyaga mafuta?

Wengi wanaoendesha magari ya miaka ya 1990 wanaifahamu hali hii. Injini inawaka kwa mara ya kwanza na inatulia vizuri gari likiwa limesimama, lakini dereva anapokanyaga mafuta ili alipite lori, gari husita kwa muda mfupi kana kwamba limekabwa koo, kisha ndipo hushika mwendo. Huo muda mfupi ni hatari kubwa kwa aliyekwisha kuingia upande wa magari yanayomjia, na kwa hiyo hitilafu hii haifai kuzoewa.

Ingawa tunasema "kukanyaga mafuta", pedali ile katika injini ya petroli hufungua hewa. Inapokanyagwa, kilango cha hewa kilichopo kwenye njia ya kuingilia injini hufunguka, na hewa, kwa kuwa ni nyepesi, hukimbilia ndani papo hapo. Petroli ni nzito na huchelewa. Isitoshe, mgandamizo ndani ya manifoldi, yaani mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda, unapopanda ghafla, petroli huwa nzito kugeuka mvuke, na sehemu yake hunata kwenye kuta badala ya kufika kwenye silinda. Petroli huungua kikamilifu ikiwa na hewa mara 14.7 ya uzito wake, na injini inayovuta kwa nguvu hupendelea hewa pungufu ya hapo, kama mara 12.5. Katika muda ule wa ghafla mambo huelekea kinyume: hewa huzidi, mafuta hupungua, na moto ndani ya silinda huwaka kwa uvivu au hauwaki kabisa.

Kila injini ya petroli ingesita hivyo kama watengenezaji wasingeiwekea dawa tangu mwanzo. Katika gari la kabureta, yaani kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa, dawa hiyo ni pampu ndogo inayorusha petroli kila pedali inapokanyagwa, na mpira wake hukakamaa na kupasuka kadiri miaka inavyopita. Kuichunguza ni rahisi: injini ikiwa imezimwa na imepoa, ondoa filta ya hewa, chungulia ndani ya kabureta huku ukivuta waya wa pedali kwa mkono, nawe unapaswa kuona petroli ikiruka mara moja. Ikichelewa au ikidondoka tu, ugonjwa umepatikana. Katika gari la nozeli, yaani vipuli vinavyonyunyiza petroli, kazi hiyo hufanywa na kompyuta, ambayo husoma sensa ya kilango cha hewa, yaani TPS, pamoja na sensa ya mgandamizo au ya kiasi cha hewa, kisha huziacha nozeli wazi kwa muda mrefu zaidi.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kununua kifaa chochote, jambo la kwanza ni kuuliza gari husita wakati gani hasa. Desturi ya kubadilisha plagi, filta na sensa kwa pamoja, kwa kubahatisha, humgharimu mwenye gari fedha nyingi na mara nyingi humwacha na ugonjwa uleule.

Likisita pale tu mguu unapoigusa pedali, kisha likaenda vizuri, shuku ile dawa ya ghafla niliyoieleza, au mpira wa hewa uliopasuka baada ya kilango na kuingiza hewa ambayo haikukusudiwa. Toyota Corolla nyingi za miaka hiyo ya 1990 zina kisanduku cha uchunguzi ndani ya boneti. Ukiunganisha kwa kipande cha waya matundu yaliyoandikwa TE1 na E1, kisha ukafungua swichi bila kuwasha injini, taa ya injini kwenye dashibodi itakonyeza namba ya hitilafu. Mikonyezo minne, kituo kifupi, kisha mmoja, yaani 41, huelekeza kwenye TPS. Namba 31 huelekeza kwenye sensa ya mgandamizo au ya hewa. Lakini taa kukonyeza mfululizo bila namba si uthibitisho kwamba TPS ni nzima, kwani sehemu ndogo iliyolika ndani yake huweza kupotea bila kompyuta kuigundua. Ipime kwa mita huku ukifungua kilango polepole: volti zinapaswa kupanda taratibu kutoka chini ya 1 hadi kufika karibu 4, bila kuruka wala kushuka.

Likiondoka vizuri lakini likaishiwa nguvu kadiri linavyoendelea kuvuta, kwa mfano likiwa na abiria wanne kwenye mlima wa Kitonga, mara nyingi mafuta ndiyo hayatoshi. Filta iliyoziba au pampu iliyochoka huweza kuihudumia injini iliyosimama, ambayo hunywa kidogo sana, na bado ikashindwa kuihudumia inayopanda mlima. Hapa geji ya mgandamizo wa mafuta haina mbadala. Injini za Toyota za kundi hilo huhitaji takriban PSI 38 hadi 44, mpira wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) ukiwa umechomolewa kwenye kidhibiti cha mgandamizo. Kazi hii ifanywe injini ikiwa imepoa, mbali na moto wowote, kwa sababu petroli iliyo kwenye bomba huruka.

Likiwa linarukaruka na kumisi badala ya kusita kwa utulivu, tazama upande wa umeme. Cheche huruka kwa urahisi pasipo mgandamizo, lakini hewa iliyosongamana ndani ya silinda hudai volti nyingi zaidi, na kilango kinapofunguka silinda hujaa. Waya wa plagi uliochakaa, ambao hauonyeshi dosari yoyote injini ikiwa imetulia, huvujisha umeme wakati huo. Fungua boneti usiku mahali penye giza, injini ikiwa inafanya kazi, mikono ikiwa mbali, umwombe mwenzako akanyage mafuta kidogo huku gia ikiwa huru: vicheche vya buluu vinavyotembea juu ya waya au kwenye kifuniko cha distribyuta, kinachogawa umeme kwa plagi, vitakuonyesha mahali penye tatizo. Kwa mita, ukinzani wa waya wa plagi wa Toyota hizo haupaswi kuzidi kiloomu 25.

Na ikiwa mafuta, umeme na hewa vyote vimepimwa vikakutwa sawa, kagua egzosi. Masega, yaani kisafishio cha moshi kilicho ndani ya egzosi, yakiyeyuka na kuziba huizuia injini kutoa moshi, hivyo haiwezi kuvuta hewa mpya. Unganisha geji ya vakyumu kwenye manifoldi na ushikilie injini kwenye mizunguko kama 2,500 kwa dakika. Sindano ikizidi kushuka polepole ilhali mguu haujasogea, moshi hauna pa kutokea.