Kubadili matumizi ya kiwanja: Halmashauri ya Jiji la Tanga huamuaje?

Kila kiwanja kilichopangwa na kupimwa mjini Tanga kina kazi kiliyotengewa. Kazi hiyo imeandikwa mahali pawili: kwenye mchoro wa mipango miji unaotunzwa na halmashauri, na kwenye hati ya mmiliki, katika yale masharti ambayo wengi wetu hatuyasomi hadi siku ya mgogoro. Makazi. Biashara. Makazi na biashara. Shule, kiwanda, kituo cha mafuta, eneo la wazi. Mwenye kiwanja akitaka kazi hiyo igeuke, nyumba ya familia iwe gesti, ua uwe gereji, shamba la mkonge likatwe viwanja vya kujenga, jambo analoomba linaitwa mabadiliko ya matumizi ya ardhi.

Ombi hili huchanganywa mno na kibali cha ujenzi. Kibali cha ujenzi kinahusu jengo lenyewe: msingi, nguzo, ngazi, choo, umbali kutoka kwenye mpaka wa jirani. Mabadiliko ya matumizi yanatangulia hayo yote, maana yanauliza kama shughuli hiyo inafaa kuwapo mahali hapo. Mtu anaweza kuleta ramani nzuri ya ukumbi wa harusi, imechorwa na msanifu mwenye sifa zote, akakataliwa kwa sababu kiwanja kimepangwa kuwa cha makazi na mtaa mzima umelala kwa imani hiyo.

Swali la kwanza la mwombaji karibu kila mara ni hili: kiwanja si changu? Ni chako, kwa masharti. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini kwa niaba ya wananchi. Hati inakupa haki ya kumiliki kwa muda, usiozidi miaka 99, pamoja na masharti ya matumizi. Masharti hayo ndiyo aliyoyategemea jirani yako alipochukua mkopo akajenga ukutani kwako. Alinunua utulivu wa mtaa pamoja na kiwanja chake. Kwa hiyo ukitaka kubadili matumizi unagusa na kitu cha mwenzako, na hapo ndipo halmashauri inapopata sababu ya kuingia kati. Kwa maoni yangu hiki ndicho kiini cha jambo zima. Fomu na ada ni njia tu ya kufika.

Tanga inafaa sana kwa mfano, kwa sababu mpangilio wake bado unaonekana kwa macho. Upande wa bahari kuna Raskazone na maeneo ya Bombo, viwanja vikubwa, miti, nyumba zilizokaa mbalimbali. Katikati ya mji ni maduka na maofisi. Ukivuka reli unaingia Ngamiani, barabara zimenyooka na kuitwa kwa namba, nyumba za Kiswahili zimebanana na baraza zinatazama njia. Mgawanyo huo ulianza enzi za Wajerumani na kuendelezwa na Waingereza, na ulikuwa na ubaguzi wa rangi ndani yake. Ubaguzi umeondoka, lakini ukubwa wa viwanja na upana wa barabara umebaki, na hadi leo ndio unaoamua nini kinaweza kubadilika wapi bila kuumiza watu.

Nyumba ya Ngamiani ambayo mama anauza vitumbua na uji barazani haijabadili matumizi. Matumizi yake makuu bado ni kuishi. Nyumba hiyohiyo ikivunjwa, ikasimama ghorofa ya maduka chini na vyumba vya kupangisha juu, hapo kazi ya kiwanja imegeuka na ombi linatakiwa.

Sheria inayoongoza ni ya Mipango Miji, Na. 8 ya mwaka 2007. Ndiyo iliyozifanya halmashauri kuwa mamlaka za upangaji katika maeneo yao, na inakataza kuendeleza ardhi ndani ya eneo la upangaji bila idhini. Kwa Tanga, iliyopewa hadhi ya jiji mwaka 2005, mamlaka hiyo ni Halmashauri ya Jiji. Ombi huandikwa kwa mkurugenzi wa jiji na kushughulikiwa na idara inayosimamia mipango miji. Mwombaji huambatisha nakala ya hati, risiti za kodi ya pango la ardhi na maelezo ya anachokusudia kufanya. Anayedaiwa pango asitarajie faili lake kwenda mbali.

Kisha jambo linawekwa wazi. Tangazo hutolewa ili majirani wajue na waseme, na ofisi ya mtaa huhusishwa. Hatua hii huchukuliwa kama usumbufu wa kupitwa haraka, na hapo tunajidhulumu wenyewe. Jirani anayepinga anatakiwa aandike, ataje namba ya kiwanja na aseme hasara yenyewe ni ipi. Barua inayosema “hatumtaki” haina uzito. Barua inayosema njia ya kuingilia inapitisha gari moja tu, kwamba msikiti uko kiwanja cha pili, kwamba mvua za masika zinajaza mtaro uliopo, hiyo inampa afisa kitu cha kwenda kukiangalia. Jirani anayekubali naye aandike, kwa sababu ukimya wake unaweza kusomwa vyovyote.

Afisa mipango miji hutoka kwenda kwenye kiwanja. Huanza na mchoro wa eneo na mpango kabambe wa mji, yaani picha ya miaka mingi ya wapi jiji linataka biashara, wapi viwanda, wapi makazi. Ombi linalofuata mwelekeo wa mpango huwa na kazi nyepesi: kiwanja kando ya barabara kuu, ambapo jirani wa kushoto na wa kulia tayari wana maduka halali, hakina mengi ya kubishaniwa. Ombi linalokwenda kinyume cha mpango lina mzigo wa kujieleza.

Baada ya mpango huja ardhi yenyewe. Kiwanja kina ukubwa wa kutosha kwa shughuli inayoombwa? Gesti ya vyumba ishirini inahitaji mahali pa kulaza magari, la sivyo yatalala barabarani mbele ya mageti ya watu. Maji taka yataelekea wapi, kuna bomba la kuyapokea au litachimbwa shimo ambalo litajaa kila baada ya wiki chache? Gari la zimamoto litafika? Moshi, kelele na vumbi vitaelekea kwa nani? Kwa shughuli kubwa inahitajika pia tathmini ya athari kwa mazingira, inayosimamiwa na NEMC, baraza la taifa la mazingira. Na kwa wale wanaotamani hoteli ufukweni Raskazone au Sahare, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Kubadili matumizi hakufuti mita hizo.

Angalia kitu ambacho hakimo katika orodha hii: shida binafsi za mwombaji, na utajiri wake. Mjane anayetaka kufungua duka la dawa ili asomeshe watoto anastahili huruma ya kila mtu, na mwekezaji anayeahidi ajira anastahili kusikilizwa. Ila idhini inakaa na kiwanja, haiondoki na mtu. Mjane akiuza kesho, mnunuzi anakuta kiwanja cha biashara na anaweza kukifanyia biashara nyingine ya kundi hilohilo. Kwa hiyo wataalamu wanapaswa kupima lile zito zaidi linaloruhusiwa na matumizi mapya, hata kama aliyesimama mbele yao anaomba jepesi.

Maoni ya wataalamu hupelekwa kwenye Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, ambayo wajumbe wake ni madiwani. Hapa taaluma inakutana na siasa, na sioni ubaya, mradi kila upande ujue mpaka wake. Diwani anaujua mtaa kuliko mchoro unavyoujua. Anajua kwamba ile njia inayoonekana pana kwenye karatasi ilishajengewa vibanda. Kinachoharibu ni pale anapotetea rafiki. Diwani mwenye maslahi katika jambo linalojadiliwa anatakiwa kuyatangaza na kukaa kando. Mikutano ya Baraza la Madiwani iko wazi kwa wananchi, lakini ya kamati si ya hadhara, na mjadala wenyewe wa kiwanja chako unafanyika kwenye kamati. Ndiyo maana nasisitiza maandishi: barua ya jirani inaingia katika chumba ambacho mwenyewe hawezi kuingia.

Kamati ikiridhia, safari haijaisha, na hapa wengi hujikwaa. Mapendekezo ya halmashauri hupelekwa kwa mamlaka za Wizara ya Ardhi kwa ajili ya idhini, mchoro urekebishwe, kisha upande wa Kamishna wa Ardhi ushughulikie hati. Tangu mwaka 2020 kila mkoa una ofisi yake ya ardhi, kwa hiyo mtu wa Tanga hapandi tena basi kwenda kanda nyingine kwa mambo mengi ya hati. Hati ya zamani hurudishwa, masharti mapya huandikwa, na kodi ya pango hukokotolewa upya. Pango la biashara ni kubwa kuliko la makazi, na hutozwa kila mwaka. Mtu apige hesabu hiyo kabla ya kuomba. Aliyeonyeshwa muhtasari wa kamati pekee akaanza kubomoa ukuta, ameanza mapema mno.

Kuna maombi ya aina mbili ambayo yanahitaji jicho kali zaidi.

La kwanza ni maeneo ya wazi. Kiwanja cha watoto kuchezea mpira hakina mlalamikaji mmoja mwenye hati mkononi, na hicho ndicho kinachokifanya kiwe rahisi kumezwa. Fikiria Ngamiani bila uwanja wa Tangamano: watu wangekusanyika wapi? Nyumba ikigeuzwa duka, kesho inaweza kurudi kuwa nyumba. Uwanja ukishajengwa haurudi, kwa kuwa hakuna halmashauri yenye fedha ya kununua majengo na kuyavunja ili watoto wacheze. Mimi ningetaka madiwani waanze na jibu la hapana kwa maombi ya namna hii, na mwombaji afanye kazi ya kuwatoa hapo.

La pili ni mashamba. Jiji linatanuka kuelekea Pongwe na Kange, na Chongoleani imepata sura nyingine kwa kuwa ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Shamba likigeuzwa makazi, ombi linagusa zaidi ya matumizi: barabara zitapita wapi, shule itakaa wapi, zahanati, soko, makaburi. Mwenye shamba angependa kila futi iwe kiwanja cha kuuza. Afisa anayeidhinisha mchoro bila shule amewatwisha wazazi wa miaka ishirini ijayo nauli ya kila siku.

Na wale wasioomba kabisa? Wapo. Nyumba inageuka baa taratibu, kwanza viti viwili, halafu spika, halafu jiko la nyama choma. Halmashauri ina uwezo wa kutoa notisi ya kusimamisha shughuli, na kuvunja masharti ya hati kunaweza kuleta adhabu na hata kufutiwa miliki. Leseni ya biashara haimkingi mtu hapo; hiyo ni ruhusa ya kuuza, haizungumzii kazi ya kiwanja. Kwa mitaa iliyoota bila mchoro hali ni tofauti, maana hakuna matumizi yaliyosajiliwa ya kubadili: huko kinachotangulia ni upangaji na urasimishaji, yaani makazi hayo kuchorewa ramani, kupimwa na kutambuliwa kisheria.

Aliyekataliwa aombe sababu kwa maandishi. Sheria inatoa nafasi ya kukata rufaa kwa mwenye kutoridhika, na sababu zenyewe mara nyingi zinaonyesha marekebisho yanayoweza kufungua njia, kama kupunguza vyumba, kuhamisha geti au kuongeza maegesho. Jirani ambaye hoja yake imepuuzwa naye adai majibu kwa njia hiyohiyo. Na anayenunua kiwanja Tanga leo kwa ndoto ya biashara, apite kwanza idara ya mipango miji akiwa na namba ya kiwanja na ya kitalu, aombe kuonyeshwa mchoro, kabla hajalipa hata shilingi ya udalali.