Eti mwembe ukikatwa hauzai tena

Pita Cheyo, Isevya au Ng'ambo hapa Tabora, utakuta uani mwembe mkubwa kuliko nyumba, chini yake giza tupu, na maembe yako kileleni yanaliwa na popo. Ukimshauri mwenyewe aupogoe, jibu ni lile lile: "Bwana shamba, mwembe ukikatwa hauzai tena. Wa jirani ulikatwa, mpaka leo hatujaona embe."

Wa jirani ulichinjwa! Mtu alipanda na panga, akashusha matawi yote siku moja, vikabaki vigutu. Mwembe huchanua kwenye ncha za matawi yaliyokomaa. Ukiunyang'anya ncha zote, akiba yake inaishia kwenye machipukizi yanayokwenda wima, na hayo hayachanui mpaka yakomae. Gome nalo, lililozoea kivuli, linababuka kwa jua la Septemba na Oktoba.

Mwembe uliotelekezwa unarudishwa taratibu, kwa miaka mitatu hivi. Kwanza toa matawi makavu, yenye ugonjwa na yanayosuguana. Mwaka unaofuata toa tawi moja au mawili makubwa ya katikati, mwanga uingie na chule, ule ugonjwa wa fangasi wa madoa meusi, ipungue. Kimo kishushwe mwisho. Kila mwaka usizidishe robo ya majani. Tawi zito lianze kukatwa kwa chini, halafu kwa juu, lisije likachana na gome la shina. Kisha ondoa kigutu karibu na uvimbe wa shingo ya tawi, pale linapoungana na shina, bila kuugusa uvimbe wenyewe. Sehemu zilizobaki wazi juani zipake chokaa. Na tafadhali sana, tumia msumeno. Panga liache jikoni.

Utasikia na mengine: "Subiri kiangazi, mti umelala." Mei hadi Julai mwembe unajiandaa kuchanua, usiuguse. Pogoa ukishavuna, Januari au Februari, mvua zingalipo, ili matawi mapya yawahi kukomaa.

"Upigilie misumari, utazaa." Unafungulia fangasi mlango, na kivuli kiko pale pale.

"Paka oili chafu kwenye kidonda." Acha. Mti unajifunga wenyewe ukikatwa mahali sahihi.

Mpera hauhitaji woga huu, maana unazaa kwenye machipukizi mapya. Mchungwa uliobebeshwa, yaani uliounganishwa, kwenye shina la mlimao, ng'oa maotea yote yaliyo chini ya kiungio. Ukiyaacha, yataumeza mchungwa wako nawe utavuna malimao.